Ukakasi Si Uchungu: Uhakiki wa Divai ya Pinotage

Wako miongoni mwa wasomaji wetu watakaoshangaa kuona kwamba kurasa hizi, ambazo kwa kawaida huhakiki diwani, riwaya na tamthilia, safari hii zimeelekezwa kwenye chupa ya divai. Mshangao huo una haki yake, nasi hatuna budi kuujibu kabla ya kuendelea. Kuhakiki ni kukipima kitu kwa kipimo kilichotangazwa wazi, kisha kutoa hukumu ambayo mtu mwingine aweza kuirudia mwenyewe, akaikubali au akaikataa. Shairi hupimwa hivyo, na kinywaji vile vile. Tena lugha yetu ilikuwa na wahakiki wa vinywaji kabla haijapata wahakiki wa vitabu. Methali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji ni kanuni kamili ya uhakiki, kwani yatufunza kuwa sifa isiyo na kipimo humharibu fundi na kazi yake pamoja.

Sababu iliyotusukuma kuandika ni hii. Baadhi ya wanafunzi tunaowafundisha katika nchi hizi za Maziwa Makuu huajiriwa katika hoteli na mikahawa, na huko hutakiwa kumweleza mgeni ladha ya divai kwa Kiswahili. Wakiulizwa, husoma orodha iliyotafsiriwa neno kwa neno: plamu, cheri, beri nyeusi, mti wa mwerezi. Msemaji hajapata kuyala matunda hayo, wala msikilizaji. Yule mwanafunzi hurudi kwetu na hukumu aliyokwisha kuikata moyoni, kwamba Kiswahili hakina maneno ya ladha. Hukumu hiyo si ya kweli, lakini ikiachwa bila kujibiwa huenda mbali zaidi ya meza ya hoteli, maana aliyekubali kwamba lugha yake haiwezi kuusemea ulimi wake hatakawia kukubali kwamba haiwezi kuisemea akili yake.

Wako pia wasomaji ambao dini yao, afya yao au hiari yao imewaepusha na kileo. Kwao twasema kwamba hakuna neno humu linalowataka wanywe. Sehemu kubwa ya tutakayoyaeleza yaweza kujaribiwa kwa kikombe cha chai na kipande cha ndizi mbichi, kama tutakavyoonyesha mwishoni.

Tumechagua divai nyekundu iitwayo Pinotage, nayo ni ya zabibu za aina moja. Hapa yafaa tuseme kwamba neno "aina moja" lina mipaka yake, kwa kuwa sheria ya Afrika Kusini huruhusu jina la zabibu moja liandikwe kwenye chupa iwapo walau asilimia 85 ya divai ni ya zabibu hiyo. Kuhusu majina ya kinywaji chenyewe, Kiswahili kina mawili: mvinyo, tulilolipata kwa Wareno, na divai, lililotokana na Kifaransa. Tumelitumia la pili kwa sababu mvinyo, kwa wasemaji wengi, hujumuisha na vileo vikali vilivyokenekwa.

Asili ya zabibu hii

Pinotage ni mzaliwa wa Afrika. Mwaka 1925 Abraham Izak Perold, aliyekuwa profesa wa kwanza wa kilimo cha mizabibu katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch, aliipandanisha mizabibu miwili yenye asili ya Ufaransa. Mmoja ulikuwa Pinot Noir, mzabibu wa Burgundy upendao baridi, wenye zabibu laini na divai yenye sifa kubwa, lakini mgumu kuutunza. Wa pili ulikuwa Cinsaut wa kusini mwa Ufaransa, mvumilivu wa joto na ukame, tena wenye mazao mengi. Tumaini la Perold lilikuwa wazi: kupata mtoto mwenye adabu za mzazi mmoja na nguvu za mwingine.

Katika kazi ile zilipatikana mbegu nne tu, nazo zilipandwa katika bustani ya nyumba aliyokuwa akikaa. Mwaka 1927 Perold akaacha chuo, nyumba ikabaki tupu, na bustani ikamea magugu. Inasimuliwa kwamba watu walipotumwa kuisafisha, mhadhiri kijana, Charles Niehaus, alipita hapo akaiokoa ile miche minne isifyekwe. Baadaye miche ilipelekwa chuo cha kilimo cha Elsenburg, ikabebeshwa juu ya mashina mengine, na ule uliostawi kuliko yote ukachaguliwa. Divai ya kwanza ilitengenezwa Elsenburg mwaka 1941, mwaka ule ule aliofariki Perold. Sifa zilikuja miaka mingi baada yake: mwaka 1959 Pinotage ya shamba la Bellevue ilitwaa ushindi katika maonyesho ya divai ya Cape, na mwaka 1961 chupa yenye lebo ya Lanzerac ikawa ya kwanza kuuzwa ikiwa na jina hilo.

Jina lenyewe lafaa kuchunguzwa na walimu wa lugha. Limeunganishwa kutokana na Pinot na Hermitage, kwa maana watu wa Cape zama zile waliuita mzabibu wa Cinsaut kwa jina la Hermitage. Lakini Hermitage si Cinsaut. Ni kilima kilichoko kando ya mto Rhône huko Ufaransa, na divai yake nyekundu ni ya zabibu nyingine kabisa iitwayo Syrah. Basi nusu ya jina la Pinotage imesimama juu ya kosa, na kosa likazoeleka likawa jina halali. Wanaohofu kwamba kila neno lililoingia Kiswahili kwa njia isiyo nyofu ni neno bovu wautafakari mfano huu.

Mtoto naye hakuwafuata wazazi. Alikuwa mweusi wa rangi kuwapita wote wawili, mwenye ngozi nene, mwepesi wa kuiva na mwingi wa sukari. Waliotaka Pinot Noir ya Afrika walikata tamaa. Mwaka 1976 mabingwa wa kuonja kutoka Uingereza waliitembelea Afrika Kusini, nao wakaihukumu Pinotage kwa ukali, wakiifananisha na misumari yenye kutu. Kwa upande mwingine, mwaka 1991 Beyers Truter wa shamba la Kanonkop alikuwa mtu wa kwanza wa Afrika Kusini kupewa heshima ya mtengenezaji bora wa mwaka katika mashindano ya kimataifa ya London, na Pinotage ndiyo iliyokuwa fahari yake. Miaka kumi na mitano tu yazitenga hukumu hizo mbili, ilhali zabibu ni ile ile. Mhakiki hana budi kuuliza ni kitu gani kilichobadilika.

Maneno tuliyopimia

Kabla ya kuonja tulikubaliana juu ya maneno, kwani bila mapatano hayo kila mtu angesema yake. La kwanza ni tofauti ya kunuka na kunukia. Lugha nyingi huhitaji kivumishi ili kuitenganisha harufu mbaya na nzuri, lakini sisi herufi moja hututosha. Harufu ni neno la kati; mnukio ni hukumu ya sifa; uvundo na shombo ni hukumu za lawama, na shombo ni ya samaki peke yake.

La pili ni uchachu, yaani ile hali ya ukwaju na ndimu inayotoa mate. La tatu ni uchungu, ambao ni wa mwarobaini na shubiri. La nne, ambalo ndilo kiini cha makala haya, ni ukakasi. Aliyepata kula ndizi mbichi, bibo lisiloiva au zambarau anaujua: ulimi hukauka, fizi hukaza, na kinywa huwa kama kilichopakwa unga. Wanafunzi wengi, na hata baadhi ya kamusi ndogo, huuchanganya ukakasi na uchungu. Hilo ni kosa la lugha na la elimu pia. Uchungu ni ladha, huhisiwa na vihisio vya ulimi. Ukakasi si ladha hata kidogo, bali ni mguso: tanini zitokazo katika ganda na kokwa za zabibu huzishika protini za mate, mate hupoteza utelezi wake, na nyama za kinywa husuguana. Wazee wetu walioupa ukakasi neno lake peke yake hawakuwa na maabara, lakini waliuona kuwa jambo la peke yake, na wanasayansi wa leo wamewakubalia.

La tano ni uzito, ambao twaujua katika uji: uko uji mwepesi na uko uji mzito. La sita ni kukolea, na kinyume chake ni kuwa chapwa. La saba ni salio, yaani ladha inayobaki kinywani baada ya kumeza, ambayo hupimwa kwa muda wake.

Kuonja

Tulionja chupa tatu, kila moja imefungwa gazeti ili lebo isitusemeshe. Kwa kuwa joto la vyumba vyetu hupita digrii 25 mara nyingi, tuliziweka chupa katika jokofu kiasi cha nusu saa, zikafika karibu digrii 16. Desturi ya kuinywa divai nyekundu katika joto la chumba ilitoka katika nyumba za baridi za Ulaya. Ikihamishwa bila kufikiriwa, kileo hupanda puani na kufunika yote mengine.

Chupa ya kwanza ilikuwa changa, ambayo haikupitia pipa. Rangi yake ni ya zambarau, na neno hilo twalikusudia kwa maana zote mbili, ya rangi na ya tunda. Puani ilitoa mnukio wa ndizi mbivu ulio dhahiri hata mtu asiyezoea divai aliutaja bila kuulizwa. Huu si mfano wa ushairi. Kiini cha harufu ya ndizi mbivu ni kitu kiitwacho asetati ya isoamili, na hicho hicho huzaliwa kwa wingi Pinotage inapochachuka. Watu wa Burundi na Rwanda waliokulia karibu na mtungi wa urwagwa, Waganda wanaoijua tonto, na Wahaya wa rubisi, hao wote wana haki ya kuitambua harufu hii kuliko bingwa yeyote wa London. Kinywani divai ilikuwa nyepesi, yenye uchachu mwema na ukakasi mdogo. Salio lake lilikuwa fupi. Tulipoiacha bilauri ipate joto, ule mnukio wa ndizi uligeuka ukaelekea rangi ya kupaka kucha, na hapo tulianza kuwaelewa Waingereza wa mwaka 1976.

Chupa ya pili ilitoka katika mizabibu mikongwe iliyoachwa isimame kama vichaka bila waya, na divai yake ilikaa katika mapipa ya mwaloni. Rangi yake ilikuwa nzito, na ukingoni ilianza kuelekea wekundu wa tofali. Ndizi ilikuwa imetoweka. Badala yake palikuwa na zambarau zilizoiva hadi kupasuka, moshi kidogo, na karafuu. Hapa tena tunazungumza kwa uhakika, maana mwaloni uliopashwa moto huipa divai kiasi kidogo cha eujenoli, na eujenoli ndiyo roho ya mafuta ya karafuu. Msomaji wa Pemba hahitaji kupelekwa mbali. Kinywani ukakasi ulikuwa mwingi, lakini ulikuwa wa chai ya rangi iliyopikwa vizuri, si wa ndizi mbichi: ulikaza bila kukwaruza. Uchachu uliubeba uzito usije ukalemea. Salio lilidumu hata tukaanza kuhesabu, na lilipokwisha lilikwisha taratibu.

Chupa ya tatu ilikuwa ya mtindo ulioanza kujulikana tangu mwaka 2001, wa Pinotage yenye mnukio wa kahawa na chokoleti. Mtindo huo hupatikana kwa kutumia mwaloni uliounguzwa sana. Puani ilipendeza mara moja, na wengi wetu tuliipa alama nyingi mwanzoni. Lakini mwonja asali haonji mara moja, na tulipoirudia mara ya pili na ya tatu tulikuta kwamba baada ya kahawa hapana kitu. Tunda limefunikwa, uchachu umefifia, utamu umejazwa pengo, na salio ni la mti ulioungua. Sisi tuliozungukwa na mibuni, kutoka Bugisu hadi Kivu, tukitaka kahawa tutaikaanga. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: methali hii, ambayo haihusiani na ukakasi ingawa maneno yafanana, haijapata kufaa kama ilivyofaa hapa. Hata hivyo haki yataka tuseme kwamba chupa hiyo haikuwa na kosa la ufundi. Ilikusudia kumpendeza mtu asiyependa ukakasi, na kusudi hilo ilitimiza.

Sasa twaweza kujibu swali la kutu. Pinotage huiva ikiwa na sukari nyingi, na ikichachushwa katika joto kali huzaa harufu za kupita kiasi. Mtengenezaji akichuma kwa wakati wake, akatunza joto la mapipa na akawa mwangalifu wa maganda, harufu hizo hutulia. Kwa hiyo waonjaji wa mwaka 1976 hawakusema uongo juu ya walichokinywa, bali waliushitaki mzabibu kwa makosa ya mikono. Kosa hilo latuhusu walimu moja kwa moja. Ni mara ngapi insha mbovu imetufanya tuseme kwamba mwanafunzi hana kipawa, au tafsiri mbovu ikatufanya tuseme kwamba lugha haitoshi?

Divai na chakula

Kanuni tuliyoifuata katika meza ilikuwa rahisi: onja divai, kula, kisha onja divai tena, na useme ni nini kilichogeuka. Mlo unaofaa ni ule ambao baada yake divai haikupungua, wala chakula hakikupungua.

Nyama ya mbuzi iliyochomwa, yenye mafuta na chumvi, iliitendea chupa ya pili wema mkubwa. Ukakasi ulilainika papo hapo, kwani tanini zilipata protini na mafuta ya kushughulika nayo badala ya kuyakausha mate, na chumvi ikaupunguza uchungu uliobaki. Huko Cape divai hii huambatana na nyama ya kuchomwa nje, ambayo wenyeji huiita braai, pamoja na soseji zenye giligilani. Mishikaki ya mbuzi ya Bujumbura na Kigali haina sababu ya kuonea haya kukaa meza moja nayo.

Pilipili ilitupa somo la pili. Mbuzi yule yule alipopakwa pilipili kali, chupa ya pili iligeuka moto. Kileo huuchochea mwasho wa pilipili, na mwasho huufanya ukakasi uonekane mkali zaidi. Chupa ya kwanza, nyepesi na iliyopoa, ndiyo iliyostahimili. Basi aulizwaye na mgeni asijibu kwa jina la nyama peke yake. Aulize kwanza imepikwaje.

Samaki alikataa kabisa. Mukeke wa Ziwa Tanganyika, ambaye ni mtamu kwa ndimu na chumvi, aliacha kinywani shombo na ladha ya chuma mara tu divai ilipomfuata. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2009 kwamba chuma kidogo kilichomo katika divai nyekundu ndicho kinachozusha ladha hiyo ya shombo inapokutana na vyakula vya baharini. Hivyo ile kanuni ya kale ya kuepuka divai nyekundu kwa samaki ina sababu yake, wala si majivuno ya wahudumu.

Juu ya sombe iliyopikwa kwa mawese na karanga hatukukubaliana. Baadhi yetu waliona mafuta yameutuliza ukakasi. Wengine waliona uchungu wa majani umejumlika na tanini. Tumeyaacha maoni yote mawili, kwa kuwa hakiki isiyo na shaka hata moja huwa tangazo.

Mwisho tulijaribu bobotie, chakula cha Cape cha nyama ya kusaga yenye viungo vya bizari na zabibu kavu, iliyofunikwa mayai na maziwa na kuokwa. Utamu wa zabibu kavu uliifanya chupa ya pili ionekane kavu na chachu kuliko ilivyokuwa. Hapa, kwa kustahi haki, ile chupa ya kahawa iliyoshindwa peke yake ilipatana na chakula kuliko wenzake.

Hesabu isiyoandikwa kwenye lebo

Bobotie yatupeleka kwenye jambo ambalo mhakiki hawezi kulipita. Chakula hicho ni cha jamii ya Waislamu wa Cape, ambao wengi wao ni wazao wa watu waliochukuliwa utumwani na kampuni ya Waholanzi kutoka visiwa vya Indonesia, Bara Hindi, Madagaska na pwani ya mashariki ya Afrika. Divai ya kwanza ya Cape ilikamuliwa tarehe 2 Februari 1659. Kwa karne mbili hivi, mpaka watumwa walipopata uhuru kamili mwaka 1838, mikono ya watumwa ndiyo iliyochimba, iliyopogoa na iliyochuma katika mashamba hayo. Waliokipika chakula hicho dini yao iliwakataza kuinywa divai iliyowekwa kando yake.

Ulikuwapo pia utaratibu ulioitwa dop: mfanyakazi wa shamba alipewa divai mara kadhaa kwa siku kama sehemu ya ujira wake. Sheria iliukataza katika miaka ya 1960, lakini masalio yake yalionekana hata katika miaka ya 1990. Madhara yake hayakwisha pamoja nao. Viwango vya watoto wanaozaliwa na kasoro kwa sababu ya kileo alichokunywa mama katika ujauzito, vilivyopimwa katika baadhi ya jamii za Jimbo la Cape Magharibi, ni miongoni mwa vikubwa kabisa vilivyopata kurekodiwa duniani.

Hatuyasemi haya ili kuitia chupa najisi. Twayasema kwa sababu neno "tamu" na neno "chungu" katika lugha yetu hayakuishia ulimini kamwe. Mhakiki wa riwaya huuliza ni nani aliyenyamazishwa katika hadithi; mhakiki wa divai naye na aulize ni nani aliyechuma, na alilipwa nini.

Hukumu

Kwa maoni yetu Pinotage ni divai njema inapokubali kuwa yenyewe. Inapolazimishwa kuwa Pinot Noir hupwaya. Inapovishwa kahawa hujificha. Katika chupa ya pili, ambako mizabibu ilikuwa mikongwe na mkono wa fundi ulikuwa mtulivu, tulikuta ukakasi, uchachu, uzito na salio vikielewana bila hata kimoja kupiga kelele. Chupa ya kwanza yafaa mchana, pamoja na chakula cha viungo. Ya tatu twawaachia waipendao.

Kuhusu lugha, twaonelea kwamba mfano unaotolewa na mwonjaji uwe ni kitu ambacho msikilizaji amekitia kinywani au amekinusa. Kwa mgeni wa Ulaya semeni plamu, hapana ubaya; kwa mgeni wa Mombasa semeni zambarau. Maneno hayo mawili hayana maana moja, na wala haidaiwi yawe nayo. Kinachodaiwa ni kwamba kila mmoja akiambiwa ajue atakutana na nini katika bilauri.

Kwa madarasa twapendekeza zoezi lisilohitaji kileo. Chemsheni majani ya chai yawe mazito, mgawe katika vikombe vitatu. Cha kwanza kibaki kitupu, cha pili kitiwe maziwa, cha tatu kitiwe ndimu. Wanafunzi waonje kwa zamu, kisha waandike sentensi tano bila kutumia maneno "nzuri" na "mbaya", na bila kutaja tunda wasilopata kulila. Watagundua wenyewe kwamba maziwa huondoa ukakasi, kwa kuwa protini zake huzishika tanini za chai kama nyama ilivyozishika tanini za divai. Na kwamba ndimu haiondoi kitu bali huongeza uchachu. Kisha wapewe ndizi mbichi na jani la mwarobaini, waulizwe ni kipi chenye ukakasi na ni kipi chenye uchungu. Atakayejibu sawasawa hatakuwa na haja ya kuambiwa tena kwamba Kiswahili kina maneno ya ladha.

Liko neno moja ambalo bado twalitafuta: la ile harufu ya ndizi ya siku ya kwanza, inapoanza tu kuchachuka mtungini. Walimu walio karibu na watu wa Kivu, Bukoba na Buganda wawaulize wazee wanaotengeneza pombe hiyo, na kama neno lipo walilete ili lichapishwe katika toleo lijalo.